Kazi ya Mama Kwenye Feni za Gari

Nyumba ile ile ya mlango wa bluu,
Chumba cha nyuma,
Jumapili, tarehe 9.

Mpendwa dada yangu,

Shikamoo dada, na shikamoo nyingine ya akiba maana najua umeninunia. Vipi afya? Mgongo umeacha kukusumbua? Shemeji hajambo, bado anakoroma kama pampu ya maji? Na wale pacha wako wachanga je, meno yameota au bado wanacheka kwa ufizi? Sisi huku wazima. Mimi nimenenepa kidogo, ila ni shingo tu.

Nakuandikia badala ya kupiga simu kwa sababu nyumba hii ina vyumba viwili na Mama ana masikio ya popo. Habari zenyewe ni zake, nikizisema kwa sauti atakuja kunisahihisha.

Mwezi uliopita, uliposikia kwamba gari langu limechemka kwenye foleni Mama akiwa ndani, ulisema, "Uza hicho kibati, na Mama umpandishe basi aje akae kwangu. Wewe humuwezi." Dada, maneno yale yalinikaa kooni kama mfupa wa samaki. Lakini sikukwambia gari lilichemka kwa nini. Mama aliniapisha nisiseme. Leo naivunja ahadi kwa kalamu.

Zile feni mbili za kupoza rejeta, lile tangi la maji ya injini, hazijiwashi zenyewe tangu nilipolinunua gari. Likitembea hakuna neno, upepo unafanya kazi bure. Likisimama kwenye foleni ndipo mshale wa joto unapanda, na feni lazima ziwashwe. Basi mimi nikafunga swichi ya taa ya chumbani kwenye dashibodi, ile nyeupe ya ukutani, kwa skrubu mbili. Usicheke. Imefanya kazi miaka mitatu.

Na mbonyezaji ni Mama. Kila tukitoka kubeba abiria anakaa mbele, mkoba mapajani, macho kwenye mshale. Ukifika katikati, ta! anawasha. Ukishuka, ta! anazima. Anawatambia majirani, "Yeye anashika usukani tu, gari nalipeleka mimi."

Siku ile swichi haikulia. Mimi nabishana na abiria wa nyuma habari za mpira, nashtuka boneti linafuka mvuke. Nikamgeukia kwa hasira, "Mama, mshale hukuuona?" Akasema, "Mshale wako umefifia, kanunue mwingine." Nikautazama. Mwekundu kama pilipili.

Hapo ndipo nilipojua, dada. Kumbe siku nyingi alikuwa haoni, anasikiliza mngurumo wa injini na kukisia. Daktari akamulika: mtoto wa jicho, macho yote mawili, la kulia ndilo baya zaidi. Akatupa Alhamisi ya kumpasua hilo la kulia kwanza. Hospitali iko ng'ambo ya mji, na njiani kuna foleni ile ile.

Nikaamua kufunga themostati, swichi inayosikia joto yenyewe. Nikaenda kwa fundi umeme wa magari, mwanamke mmoja tunamwita Cheche. Akafunua boneti, akaziona waya zangu, akacheka mpaka akakalia tairi.

"Yaani feni hizi zinaendeshwa na mama mzazi?"

"Tena bila mshahara."

"Wewe huna gari, una ukoo."

Akaniuzia kidude cha shaba, kidogo kama kizibo cha soda. Kinakaa kwenye bomba la maji ya rejeta. Maji yakipata moto kinaiamsha rilei, na rilei ndiyo inapeleka umeme mzito kwenye feni. Yakipoa kinaachia, feni zinalala. Akaniambia nikipime kwanza kabla sijakata bomba.

Nikakipimia jikoni. Sufuria ya Mama, maji, kidude kinaning'inia, waya mbili, betri, na balbu ndogo ya indiketa. Mama akaingia. "Unapika nini?" Nikamwambia supu ya shaba. Akavuta kigoda, akakaa. Maji yakafuka, na kabla hayajatokota balbu ikawaka! Nikarukaruka kama nimefunga goli. Mama hakuruka. Akauliza polepole, "Hiyo taa ndiyo mimi?"

Nikajifanya sikusikia. Kosa langu hilo, nalikiri.

Asubuhi yake akatangaza haendi hospitali. Macho ni yake, ameyazeesha mwenyewe. Kama nina kidude, nikipakie kikae mbele. "Mimi nikakae nyuma na abiria wako wa kulipa?"

Zilikuwa zimebaki siku tano kufika Alhamisi. Dada, mdomo wangu unaujua, nilishamuuzia kinyozi kitana kisicho na meno. Kwa Mama niligonga mwamba. Nilibembeleza, nilitania, nilinuna. Nikashika simu nikupigie, nikaiweka. Nilijua utakuja kumchukua, na utakuwa na haki.

Nikajishughulisha na gari. Nikafunga kila kitu, nikaliacha lingurume, mshale ukapanda, feni kimya. Mbio kwa Cheche. Akachungulia. "Kidude umekifunga kwenye bomba la mpira mtupu. Umeme utarudi kupitia wapi, kwenye maombi?" Akavuta waya mmoja kutoka kwenye kidude hadi kwenye chuma cha bodi. Vuu! Feni zote mbili.

Kisha akashika bisibisi aing'oe swichi nyeupe. Nikamdaka mkono. "Hiyo iache."

"Ya kazi gani tena?"

"Ya mwenye gari."

Akanitazama, safari hii bila kucheka. Akaviunganisha vyote viwili, swichi na kidude, ili hata kidude kikiwa kimelala, swichi iamshe feni.

Nikamwita Mama, nikamkalisha mbele, nikamwambia ukweli bila utani, na unajua nilivyoumia. Nikasema, "Mama, kidude hiki hakina akili. Kinangoja mpaka maji yawe moto. Hakijui kwamba kwenye kona kuna foleni. Wewe unajua."

Akaipapasa swichi. Ta! Feni zikalia. Ta! Zikanyamaza.

"Kwa hiyo mimi ni mkubwa wake?"

"Yeye ni msaidizi wako."

"Basi awe na adabu."

Alhamisi akavaa gauni la kijani na kukaa mahali pake. Foleni tuliikuta imenyooka kama mkanda. Mimi jasho, yeye mkono juu ya swichi, haibonyezi, anakipima kidude. Mara vuu! feni zikawaka zenyewe. Akainamisha kichwa akasikiliza. "Amechelewa kidogo," akasema, "ila atajifunza." Mshale haukupita katikati. Tukafika nusu saa kabla ya wakati.

Upasuaji ulikwenda vizuri, na kesho yake wakamfungua bandeji. Alipoingia kwenye gari neno lake la kwanza, badala ya kumshukuru Mungu, lilikuwa, "Vumbi hili lote kwenye dashibodi, unalifuga?" Kisha akautazama mshale. Taa nyekundu za foleni zikaonekana mbele kwa mbali. Ta! Kawasha feni kabla kidude hakijasikia kitu. Nikashindwa kutania, dada. Niliangalia barabara tu.

Jicho la kushoto ni mwezi ujao. Kwa hiyo kibati hakiuzwi, na Mama hapandi basi kuja kuhamia. Atakuja kutembea, nitamleta mwenyewe, na huko njiani foleni tutazikaribisha. Ukitaka kununa kwa kufichwa, una haki, nuna leo umalize. Ila habari ya kuniapisha usimwambie nimeitoboa.

Nisalimie shemeji Pampu, pacha wote wawili, na mama mkwe wako mwambie bado nasubiri ile sweta aliyoniahidi. Mungu awafunike, awape usingizi mzuri na chakula kisichokwisha.

Ni mimi mdogo wako, nakupenda ukicheka na ukinuna,

Kiroboto.

Nyongeza: Nimekamatwa. Mama amesimama nyuma ya kiti changu, sijui tangu saa ngapi, na anasema mwandiko wangu ni kama kuku kapita. Dada, hana miwani. Anausoma!