Kucha Zangu za Gitaa

Ekerenyo, Ijumaa

Mdogo wangu Zuhura,

Pokea salamu za huku kwenye baridi na majani chai. Mimi mzima, ila nimekasirika! Unajua Bruda, yule Mhispania wa misheni anayenifunza gitaa la flamenko, muziki wa kwao, aliniamuru nifuge kucha za mkono wa kulia, maana ndizo zinazopiga nyuzi. Nimezilea miezi miwili, nije nikupigie japo wimbo mmoja harusini kwako.

Leo Mama Kerubo, Msabato ninayekaa kwake, alikuwa akiitayarisha nyumba kabla ya Sabato kuingia. Chakula kimepikwa, viatu vimepigwa rangi, wajukuu wamekatwa kucha. Akaninyooshea mkono. Nikadhani ni salamu, nikampa wangu. Kumbe ana wembe!

"Mama, hizo ni za gitaa!"

"Hizo ni za uchafu," akasema, na zote tano zikaenda.

Kisha akaushika mkono wa kushoto, ambao kucha zake lazima ziwe fupi ili nibonyeze nyuzi. Akatabasamu. "Ona sasa! Huu ndio mkono wa mtu."

Nisamehe, bibi harusi wangu. Kama kucha zingeota kwa hasira, kesho ningeamka na makucha ya chui.

Kakako, Rashidi