Kikohozi Nilichokificha kwa Mzaha

La Rochelle, Johannesburg

Mama yangu, shikamoo.

Natumai goti limekuachia uswali kwa kusimama, na mdogo wangu Zuhura anakupikia uji bila kununa. Barua hii nimeipiga picha, namtumia Zuhura akusomee, maana kwa simu ningeshindwa kuyasema. Leo siandiki kwamba sisi wazima.

Unajua kaka Idi nami bado tunaingiza Kiswahili kwenye ile katuni ya Kijapani ya genge la wezi, isiyokwisha miaka nenda rudi. Jumapili tunafunga dirisha, tunakaa na maiki moja, tunasoma maandishi ya Kiingereza na kutafsiri papo hapo hadi mwisho. Hatukati wala kurudia. Ukipiga chafya, inabaki. Kaka ndiye mwizi mkuu, mwenye maneno mengi. Mimi ni mwenzake mlenga shabaha, kofia hadi machoni. Huyo hulalamikia kila kazi, kisha huenda, hakosi, na bosi wake hamwachi. Nampenda sana. Watoto wa hapa, wanaosikia Kiswahili lakini wanajibu Kizulu, wakiniona spaza, kiduka cha mtaani, huninyooshea kidole kama bastola.

Mama, tangu Ramadhani kaka anakohoa. Mara ya kwanza kikohozi kilimkamata tukirekodi, na mlenga shabaha wangu akamwambia, "Bosi, punguza sigara, polisi watatusikia." Majirani walioitazama walicheka mno. Basi kila alipokohoa nikatunga mzaha mwingine, nikajiona fundi. Mwenyewe alinionya, "Ukimwambia mama, mimi na wewe basi." Nikanyamaza, nikidhani huko ndiko kumtunza.

Aliyenizindua ni Mama Fiston, msusi Mkongomani tunayepanga naye nyumba moja. Aliizima katuni katikati, wanawe wakinung'unika.

"Kaka yako anakohoa mubaya," alisema. "Ule mutu iko mugonjwa, na wewe unamufanya kichekesho."

Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona. Kesho yake nikamwambia kaka twende hospitali. Alikataa, aliogopa kuulizwa karatasi za kukaa nchini, tena aliogopa kuusikia ugonjwa ukitajwa. Nikasimama mlangoni, nikasema asipokwenda nakupigia wewe. Alinitazama vibaya sana, ila akavaa viatu.

Ni kifua kikuu, mama. Daktari anasema kinatibika, ingawa tumechelewa na pafu moja limeumia. Dawa ni miezi sita bila kuruka hata siku moja. Mimi wamenipima, sina.

Sasa amekunywa wiki tatu, kapata nafuu kidogo, anasema amepona. Juzi nimevikuta vidonge chini ya godoro. Nikimsemesha anageukia ukutani. Neno langu kwake limekwisha nguvu. Lako halijaisha. Mpigie, mama. Usimwambie umeota kwamba anaumwa, mwambie ni mimi niliyesema. Anikasirikie atakavyo, mradi anywe.

Nisalimie mjomba Athumani mshona viatu, na shangazi Mwanaidi anayekukanda goti. Nao waambie ukweli, wamwombee dua kwa jina lake. Nakuomba radhi kwa miezi yote niliyokuandikia uongo.

Mwanao,
Rajabu

Piga saa tatu asubuhi ya huko. Huku itakuwa saa mbili, na vidonge vitakuwa bado mezani.