Nilivyobandika Tinti Gari la Mkwe

Ndugu yangu, weka chini hicho kikombe usije ukapaliwa.

Unakumbuka nilikwambia nitambandikia mwenyewe mkwe wangu tinti, ile karatasi ya kutia giza vioo vya gari? Vioo vya pembeni nilimaliza jana. Leo ni kile cha nyuma, kilichobinuka kama tumbo la sufuria. Asubuhi nzima karatasi iko nje ya kioo, naipuliza hewa moto mpaka ikasinyaa na kuufuata mbinuko wote. Kisha nikaibandua, nikaingia kiti cha nyuma kuibandika kwa ndani.

Nimejikunja humo nakamua maji yaliyobaki chini ya karatasi, mara wakaja mke wangu na mkwe. Hawanioni! Giza la tinti limeshika!

Mkwe akainama kukagua. "Mama, haina hata mkunjo mmoja. Baba amemwita fundi kwa siri."

Mke wangu, wa ndoa ya miaka arobaini na moja, akajibu, "Bila shaka. Yule hata stempu akibandika inakaa upande."

Kwa siri! Mimi! Na jasho lote hili!

Nikagonga kioo kwa ndani. Mkwe aliruka, kandambili moja ikabaki pale pale. Mke wangu akashika kifua: "Nani humo?"

"Fundi wa siri," nikasema.

Wakacheka, wakaniomba nitoke. Nikafunga milango yote, nikawaambia sitoki mpaka mkwe aniite fundi, kwa sauti ya kusikika na majirani.

Ameita mara mbili. Ya kwanza nilijifanya sikusikia.