Shokapu za Nyati na Mgongo wa Mama

Jumapili, 7 Julai

Nyati, gari letu, amezeeka rasmi. Leo tumetoka harusini Pasir Puteh, watu saba ndani ya gari, na kila tuta tulilipiga mara tatu: kwanza tairi, kisha bodi, kisha meno yangu. Mume wangu Saufi anasema gari la viti saba ndivyo lilivyo. Uongo! Gari la dada yake lina viti saba na watu hushuka wakicheka.

Tulipofika nyumbani wote tulishuka ila Mama. Akabaki amekaa. Dakika kumi! Nikamuuliza vipi. Eti anatafuta kiatu. Kiatu alikuwa amekivaa. Safari ilikuwaje, Mama? "Nzuri tu, mwanangu. Nzuri kabisa." Akashuka ameshika mlango kwa mikono miwili.

Tangu alipoanguka bafuni mwaka juzi, pingili moja ya mgongo wake imebonyea. Daktari hakumkataza kusafiri. Alikataza mitikisiko. Na Mama alizaliwa bila neno "naumia" mdomoni. Kwake, kuwasumbua watoto ni aibu isiyo na mfano.

Alasiri Mama Mkubwa, Mek Nab, akapiga simu kutoka Gerik. Presha ya macho imemaliza jicho la kushoto. La kulia, daktari amelipa muda mpaka mwisho wa mwaka. Sura za watu zimeanza kumpotea, anaona rangi na umbo. Akamwambia Mama: "Som, njoo nikuone ningali na cha kukuonea." Miaka miwili hawajaonana, na hawa ni dada waliolala mkeka mmoja mpaka siku ya kuolewa. Mama akasema atakwenda, inshallah. Akacheka, akakata simu, akaenda kupepeta mchele uliokwisha kupepetwa.

Saa nne za milima mpaka Gerik. Kwa Nyati huyu? Nitamuua mama yangu.

Nimeinama na tochi chini ya gari. Shokapu za mbele zimelowa mafuta mpaka chini. Nimemwita Saufi aone. Ameona. Amesema, "Hiyo ni ya kushoto tu." Mume wangu huyu!

Jumatatu, 8 Julai

Kwa Siew Eng, Pasir Mas. Duka la vipuri ni la marehemu baba yake, mumewe ndiye fundi nyuma ya duka na hasemi kitu kwa sababu mkewe amesema vyote. Ni Mchina, lakini Kimalei chetu cha Kelantan anakiongea kunishinda.

Saufi akaomba shokapu moja ya mbele, ya kushoto. Siew Eng akamtazama miguuni.

"Wan Saufi, ukinunua viatu hununua mguu mmoja?"

"Ya kulia ni nzima, dada."

"Nzima itakuwa inavutana na mpya mpaka zife zote. Mbili mbele, mbili nyuma, na raba za juu. Hutaki, nenda kaulize jirani. Akikuuzia moja, uje unisimulie."

Haya, nne. Sasa zipi? Anazo za aina tatu. Za mtumba kutoka Japani, laini, amezikagua mwenyewe, na hata zikishafungwa anakubali zirudishwe ndani ya wiki. Mpya za gesi, ngumu, nyekundu. Mpya za mafuta, nyeusi, za kawaida, hata yeye alizionyesha kwa kidole bila kuinuka. Mpya zote, ikishafungwa ni yako.

Saufi macho kwenye zile nyekundu. Zitakaa chini ya gari, hakuna atakayeziona milele—lakini nyekundu! Anasema watu saba na milima wanataka kitu kigumu. Mimi nasema Mama anataka kitu laini. Tukaanza kubishana hapohapo dukani, mpaka Siew Eng akagonga kaunta.

"Nyote mnaingia na swali moja, nzuri ni ipi. Nzuri kwa nani? Nani anakaa kiti gani?"

Akasema gari lake ni ndugu yake Nyati, aina ileile, na amelifungia hizo nyekundu kwa ajili ya kubebea vyuma. Kesho tumpakie Mama tujaribu. Bure! Ila tusile durian ndani, lisije likanuka.

Jumanne, 9 Julai

Tumejaribu. Gari la Siew Eng linashika barabara vizuri mno, kona hazilitikisi. Lakini kila kijiwe nilikijua kwa jina. Mama katikati, mkoba mapajani, anatabasamu kama yuko kwenye picha ya pasipoti. Mama, vipi? "Nzuri." Inagonga? "Aa, wapi, nzuri." Ile ya Nyati na hii? "Zote nzuri. Msihangaike na mimi, muangalie yenu."

Nilitaka kulia na kucheka. Tutachaguaje kwa mtu huyu?

Ndipo Saufi akapata wazo lake. Alikuwa amembeba Kadhi garini. (Kadhi ni tetere wake wa mashindano ya kuimba, tunamwita hivyo kwa sababu ana kifua kama cha kadhi aliyetuozesha.) Ndege huyu nyumbani halali bila kuimba, na uwanjani amewahi kushika namba tatu wilaya nzima. Leo tumeshusha tundu, kimya. Saa mbili nzima kimya! Saufi akasema ameona mwanga: ndege hajui adabu, hawezi kudanganya. Shokapu atakazoziimbia Kadhi ndizo zitakazomfaa Mama.

Nilimwambia amerukwa na akili. Halafu nikafikiri. Halafu nikasema sawa. Nani mwingine ndani ya nyumba hii anasema ukweli?

Alhamisi, 11 Julai

Fundi amefunga zile laini za Japani tangu jana. Leo jaribio kubwa: mimi, Saufi, Mama, mabinti wawili, na Kadhi ananing'inia kwenye ndoano juu ya kiti cha nyuma. Mpaka Tanah Merah na kurudi.

Kadhi ameimba! Hata injini haijazimwa! Ameimba njiani, ameimba kwenye taa nyekundu, mpaka mwenye pikipiki akachungulia dirishani. Saufi amempiga picha. Amempa jina jipya, Mheshimiwa.

Mimi nimetapika. Kwenye kona za mtoni gari liliegemea huku, likafikiri, likaegemea kule. Na kwenye tuta la mbele ya shule, kwa uzito wetu wote, likagota chini—gdu! Binti mdogo akapiga kelele. Mama hakupiga. Aliuma kona ya mtandio. Nimemuona kwenye kioo.

Mama? "Nzuri sana hii. Na ndege anaimba."

Saufi anataka kuandika "tumechagua" kwenye kalenda. Nimemnyang'anya kalamu.

Jumamosi, 13 Julai

Siku ya kukumbukwa. Siew Eng amekuja nyumbani na mfuko wa rambutani, kuuliza kama shokapu zake zinarudi au zimekaa. Saufi akamsimulia habari ya Kadhi, kifua mbele. Siew Eng alisikiliza mpaka mwisho. Akauliza tundu lilikaa wapi.

"Linaning'inia."

"Linaning'inia." Akamenya rambutani. "Ndege wako yuko kwenye bembea, Wan Saufi. Mama mkwe wako amekaa juu ya kiti. Gari likiyumba mmoja anabembelezwa, mwingine anavunjwa kiuno. Shahidi gani huyo?"

Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Saufi alienda kutazama tangi la maji ambalo halina tatizo lolote.

Kisha Siew Eng akafanya jambo ambalo mimi, mtoto wa tumbo la Mama, sikuwahi kulifikiria miaka arobaini na sita. Akakaa mkekani karibu na Mama, wala hakumwuliza habari yake. Akasema, "Mek Som, tuseme Mek Nab ndiye anayekuja huku. Na macho yale, na mifupa ile. Nimpakie kwenye lipi, la kwangu au hili la juzi?"

Mama akaweka kikombe chini.

"Nab? Usimpakie hata moja!"

Na akaanza. Yallah! La Siew Eng nyuma ni gumu, linapiga mfululizo, dada yake angefika amesagika. La juzi mbele lilikuwa sawa mpaka kona, lakini nyuma linazama, na likizama linagota, na likigota unahisi hapa—akaonyesha mgongo wake mwenyewe, bila kugundua—hapa, mahali padogo kama sarafu, halafu panawaka mpaka kwenye mguu. Na tairi zimejazwa upepo mno, zinadunda hata barabara ikiwa nyoofu. Na Nab asikalishwe kiti cha katikati upande wa kulia, kina chuma. Na huyu Saufi anakanyaga breki kama anaua mende!

Robo saa. Kila tuta analijua. Kila moja! Nilikuwa nimesimama mlangoni na sinia, sijui nilimwage au niliweke. Yote haya alikuwa nayo, ameyakalia kimya, anatuambia nzuri.

Siew Eng aliandika nyuma ya risiti. Akasema basi, ni zile nyeusi, za mafuta. Nne. Hazina sifa, hakuna anayeziuliza, na ndizo anazomfungia mama yake mwenyewe. Nikamuuliza kwa nini hakusema toka Jumatatu. Akasema Jumatatu tulikuwa tunabishana rangi.

Jumatatu, 15 Julai

Nyeusi zimefungwa, na raba za juu. Upepo wa tairi umepunguzwa. Saufi anakiri alikuwa anajaza kupita kiasi ili kuokoa mafuta. Kiti chenye chuma kimewekwa godoro dogo.

Tumezunguka mjini. Tuta la shule: mara moja tu, tena kwa upole. Sikuamini, nikamwambia Saufi arudie. Akarudia mara nne. Walimu walitutazama.

Mama, Mek Nab angeonaje? "Nab angesema afadhali. Nyuma bado kidogo." Bado kidogo! Nimefurahi kama nimepewa zawadi. Kadhi hakualikwa.

Jumatano, 17 Julai

Tutaondoka Jumamosi. Mama amenunua mtandio wa rangi ya chungwa, unawaka, yeye ambaye maisha yake yote ni kijivu na kahawia. Binti mkubwa akamtania, Bibi, unaenda kuolewa? Akasema Nab anaona rangi. Basi. Akaenda kuupiga pasi.

Nimefunga chupa sita za budu, mchuzi wetu wa samaki, kwa gazeti, mbilimbili.

Jumamosi, 20 Julai

Naandika juu ya goti, kwenye kituo cha mapumziko kileleni, ukungu mpaka mlangoni mwa choo. Saa sita kasoro. Tulipaswa kuwa tumeshapita.

Saa mbili za kwanza, raha tupu. Mama alikuwa kiranja. "Saufi, Nab asingependa mwendo huu." "Saufi, shimo hilo, Nab angelia." Saufi: "Sawa, Mek Nab." Tulicheka sote, hata yeye. Nyati anapanda mlima ametulia, hazami, hagoti. Nimembariki Siew Eng mara kumi.

Halafu kile kipande kilichomegeka, baada ya alama ya tembo. Lami imekatika kama nusu kilomita. Saufi alikwenda kwa mwendo wa kinyonga. Hakuna shokapu duniani ya kupita pale. Nilisubiri Mama aseme Nab angefanya nini. Hakusema. Tukafika hapa, nikageuka, nikauliza kwa mazoea: Mama, vipi?

Akasema: "Naumia."

Nikafikiri nimesikia vibaya. Saufi akazima gari.

"Mimi, mwanangu. Mgongo wangu unauma sana. Nilazeni."

Tumemlaza kiti cha katikati, milango wazi, mtandio wa chungwa umekunjwa chini ya kichwa. Hapana—ameukataa, utajikunja. Amelalia sweta langu. Mabinti wanampepea bila sababu, kuna baridi. Saufi yuko chini ya gari anakagua kama shokapu zinavuja. Hazivuji. Anazigusa moja moja, maskini.

Nimemuuliza turudi? Ni masaa mawili na nusu kurudi, saa moja na nusu kufika. Akafumbua jicho moja. "Nani kasema kurudi? Nimesema naumia. Nipeni dakika kumi."

Dakika kumi zimepita. Nikamuuliza tena. Nilijua jibu, nimelisikia maisha yangu yote.

"Bado. Niongezeeni kumi. Na chai, yenye sukari. Na huyo Saufi atoke huko chini, ananitia wasiwasi."

Anatuagiza! Mama yangu anatuagiza! Namwogopea, na bado nimekimbilia kibandani huku natabasamu kama mwehu. Muuza chai ameuliza kuna sherehe gani.

Simu imelia. Mek Nab. Amekaa barazani kwake tangu asubuhi, kila gari linalopita anaangalia rangi yake. Mko wapi? Nikamwambia juu, kwenye ukungu, Mama anapumzika. Akauliza, Som amesema mwenyewe kwamba amechoka? Nikasema, amesema anaumia. Kwa mdomo wake.

"Basi anakuja kweli," akasema Mek Nab. "Mpe simu."

Nimempa. Mama ameiweka sikioni, amelala chali, macho yamefumbwa, chai inapoa mkononi mwangu. Sasa anamweleza dada yake pale panapouma, hapa, hapana, chini kidogo, na upande wa pili dada naye anataja pake panapouma—