Giaboksi Iliyokufa Njiani Kwenda Kupewa Boma

Jumamosi, alasiri. Mvua imepumzika, lakini mawingu bado yamekalia vilima vya Nandi na matope ya huku kwetu hayana haraka ya kukauka.

Naandika nikiwa nyuma ya usukani wa gari ambalo haliendi. Baba amelala kwenye kiti cha pembeni, blanketi mpaka kidevuni. Nje, watu wanakandika nyumba yangu. Mimi, mwenye duka la fotokopi Kondele, mjini Kisumu, na mvi mbili tatu kidevuni, ndiyo kwanza leo nimepata boma langu mwenyewe. Ningepaswa kuwa na furaha.

Nimechoka, naogopa, na nina hasira na mzee mgonjwa.

Wacha nianze na gari, kwa sababu gari ni rahisi kulieleza. Tulilinunua likiwa limeshazeeka, na sasa kilomita zake zimepita laki tatu. Mke wangu Akinyi alilibatiza Nyar Japan, binti wa Japani, kwa kuwa hata likigoma hugoma kwa adabu. Ni la otomatiki. Unaweka D, unakanyaga mafuta, unakwenda. Ndivyo tulivyoambiwa na aliyetuuzia. Miezi ya karibuni ukiweka D lilikuwa linafikiria kwanza, kisha linaruka mbele kama mtu aliyechomwa sindano. Likipata moto, injini inanguruma na mwendo hauongezeki. Likipoa linakubali tena.

Fundi wangu wa Kondele, Odhis, alichomoa kijiti cha kupimia mafuta ya giaboksi, akanusa, akanipa na mimi ninuse. Mafuta yaliyotakiwa kuwa mekundu yalikuwa meusi na yananuka kuungua.

"Omera, hii imeisha," aliniambia. "Zunguka nayo hapa town pole pole, lakini safari wacha. Na ikikufia kwa barabara, usikubali wakuvute na kamba. Ibebwe juu ya lori. Ukivuta gari ya automatic magurudumu ikiwa chini, hiyo umezika."

Nilielewa. Mimi si mtoto.

Lakini kuna baba. Tangu figo zake zikatae kazi amekuwa akikaa kwetu Kondele, na kila Jumatatu na Alhamisi nampeleka hospitali asafishwe damu kwa mashine. Nyar Japan aliziweza safari hizo fupi. Alhamisi hii baba alipotolewa kwenye mashine alinishika mkono wa shati, akasema anataka kwenda nyumbani kunipa dala, yaani boma langu mwenyewe.

Kwa msomaji asiyetujua: Mjaluo hatoki tu kwa baba yake akaenda kujenga anapopenda. Baba ndiye anayemtoa. Alfajiri mnafuatana kwenda mahali papya, baba mbele, wewe umebeba shoka, mkeo amebeba moto, mwanao wa kwanza wa kiume ameshika jogoo. Baba anaonyesha mahali na kukita nguzo ya kwanza, na nyumba husimama siku hiyo hiyo, hata ikiwa ndogo kama jiko. Baba akifa kabla ya hapo, baba mdogo anaweza kusimama badala yake. Inakubalika, lakini kila mtu kijijini anajua haikuwa hivyo ilivyotakiwa. Na mdogo wangu Onyango hawezi kujenga lake mpaka mimi mkubwa nitoke.

Kwa hiyo mpango ulikuwa huu. Ijumaa twende, Jumamosi alfajiri tupate boma, Jumapili turudi, Jumatatu baba awe kwenye mashine. Mpango mzuri kabisa, kwa mtu mwenye giaboksi.

Jana tulitoka Kisumu mapema, kabla joto halijapanda. Awasi nilisimama nikafungua boneti lipoe. Akinyi alinunua mahindi ya kuchoma, baba akayatazama tu. Tulipoivuka Muhoroni na kuacha lami kuingia kwenye miwa, mvua ikaanza, nayo si ya kubembeleza. Udongo wetu mweusi ukilowa hushika gurudumu usiliachie. Nilikanyaga mafuta. Injini ikalia, gari likasimama palepale. Nikaweka D tena, hakuna kitu. Nikajaribu gia ndogo, hakuna kitu. Nikaweka ya nyuma, likarudi hatua chache halafu nayo ikakataa. Nilipoinama chini niliona mafuta yanatiririka kwenye tope.

Niliwapigia simu madereva wa magari ya kukodi wa Muhoroni. Wakisikia jina la barabara yetu wanacheka, mmoja akasema labda wiki ijayo jua likiwaka. Baba hawezi kukaa kwenye pikipiki, hawezi hata kukaa wima bila kushikwa. Miguu yake ilikuwa imevimba, viatu tulishamvua.

Ndipo trekta la miwa likatokea, linarudi kutoka kiwandani na trela tupu. Dereva alikuwa kijana mwenye koti la mvua lililoraruka.

"Mzee, nifunge kamba?" akauliza. "Hapa mtalala, na huyu baba naona si wa kulala hapa."

Nilimkumbuka Odhis. Nilimkumbuka vizuri sana, neno kwa neno. Kisha nikamtazama baba kupitia kioo, ametulia kama anayengoja jina lake liitwe hospitalini, nikachukua kamba nikaifunga kwa mikono yangu.

Giaboksi ililia njia nzima mpaka nyumbani kwa baba. Kwanza ilipiga mluzi, halafu ikasaga, halafu ikanyamaza kabisa na hapo ndipo nilipojua. Akinyi alikuwa ameniwekea mkono begani. Nililia, sioni aibu kusema. Nilijiambia giaboksi inanunuliwa, baba hanunuliwi, ya kurudi tutajua Jumapili.

Leo alfajiri baba hakuweza kusimama. Tulimwinua mara ya kwanza magoti yakakataa, mara ya pili akatapika. Mzee mmoja jirani yetu akaanza kunung'unika kwamba aliye kitini hawezi kumtoa mwana, tumwite baba mdogo, mambo yaende.

Baba akamtazama. "Wewe ulitolewa na nani?" akamuuliza. Mzee huyo alitolewa na baba mdogo, na hajawahi kuacha kulilalamikia jambo hilo.

Basi tukamrudisha baba ndani ya Nyar Japan. Vijana wa kijiji wakajipanga nyuma wakasukuma. Onyango akashika usukani, yeye anayengoja zamu yake. Mimi na shoka, Akinyi na moto kwenye kigae, kijana wetu na jogoo aliyekuwa anapiga kelele za kutosha boma zima. Baba mbele, kama mila inavyotaka, ndani ya gari bovu lisilo na taa, kupita kisima cha kijiji mpaka ng'ambo yake, mahali papya. Sijui kama nchi hii imewahi kuona msafara wa namna hiyo. Watu walicheka, na baba alicheka kuliko wote.

Tulipofika alifungua mlango mwenyewe. Akashusha miguu yake iliyovimba, mmoja, halafu wa pili, akaikanyagisha kwenye tope. Akaonyesha kwa kidole. Nikasogeza nguzo mpaka mikononi mwake, akaishika, akaikita, mimi nikiisukuma kutoka juu. Akaniita kwa jina la babu yangu. Akasema, "Kaa hapa."

Nina dala.

Watu walipotawanyika kwenda kuchota maji na udongo, niliketi hapa karibu naye nikaanza kupiga simu. Odhis alinitukana kwanza, nilivyostahili, halafu akasema kuna mtu ana giaboksi ya mitumba inayoingia kwenye gari langu. Odhis mwenyewe anaweza kuileta kesho na tuktuk mpaka barabara itakapomkatalia, kisha vijana waibebe. Lakini ajibiwe leo, kuna mwingine anaitaka. Nilifurahi kama mjinga. Nikamgeukia baba nikamwambia usijali, kesho tunafunga, Jumatatu tunakuwa hospitali.

"Wuoda," akasema, yaani mwanangu, "mimi sirudi Kisumu."

Nilidhani anaongea kwa uchovu. Nikamwambia ale uji kwanza.

"Ile mashine imenifikisha hapa. Basi, niachie hapo."

Nikamwambia akiikosa Jumatatu, na akiikosa Alhamisi, atakufa. Nilisema hivyo, nikimwangalia usoni. Nilipandisha sauti mpaka waliokuwa wakikandika wakageuka.

"Siku za wiki nazijua," akanijibu, akavuta blanketi.

Alijua tangu Alhamisi. Alijua Awasi alipokataa mahindi. Alijua kule kwenye miwa nilipokuwa nikifunga kamba huku nikijisifu kwamba naua gari kumwokoa baba. Nilimleta mwenyewe, nikaua na kitu cha kumrudishia.

Najua, nikitaka gari lingine nitalipata hata ikibidi nitembee mpaka Muhoroni kuwapigia magoti wale madereva. Mchana kutwa nimeongea giaboksi, giaboksi, kwa sababu giaboksi ikiisha kuna nyingine ya mitumba mahali fulani. Sitaki kufikiria kile kingine. Akinyi amekuja dirishani akanitazama, akarudi kwenye udongo. Yeye alishaelewa kabla yangu.

Nilipofika hapo kwa kuandika, simu ikalia. Odhis. Anataka jibu, mwenye giaboksi amesimama karibu naye. Nilimtazama baba mpaka Odhis akaanza kuita, haloo, haloo. Baba akafumbua macho.

"Mwambie alete," akasema. "Siku ya matanga yangu wageni watahitaji gari."

Halafu akacheka, kile kicheko chake cha puani, nami nikashindwa. Nikacheka pia, simu mkononi, machozi yananitoka, na Odhis upande wa pili anauliza kuna nini.

Nimemwambia alete.

Sasa amelala tena. Kabla jua halijatua vijana watatusukuma kumrudisha nyumbani kwake, maana mila haimruhusu kulala kwangu. Kesho fundi atakuja, na tukijaliwa gari litakwenda mbele. Je, Jumatatu alfajiri nitambeba baba yangu nimfunge mkanda akinikatalia, au nitalizima gari na kuketi naye?