Macho ya Mke Wangu Kwenye Dirisha la Studio

Mshauri mpendwa, naomba unishike mkono kabla sijaivunja nyumba yangu kwa mdomo wangu mwenyewe.

Mimi ni fundi wa majokofu, mke wangu anashona sare za shule, tuna miaka mingi pamoja na hatuna ugomvi, ila maneno nayo yamepungua, tunaulizana kama mlango umefungwa, kama watoto wamekula, basi, tunalala. Yeye yumo kwenye kikundi cha ngoma cha akina mama, na kwenye tamasha la utamaduni lililopita alivaa vazi alilorithi kwa bibi yake, na shanga kichwani na vikuku vya shaba, mpiga picha mmoja akampiga picha, na sasa ameikuza na kuibandika kwenye dirisha la studio yake, njia ileile ninayopita kwenda kazini.

Mshauri, ni yale macho. Ametazama mbele, anacheka kidogo bila kufungua mdomo, kama mtu aliyeona kitu chake kilichokuwa kimepotea. Sijawahi kutazamwa hivyo, au labda nilitazamwa zamani nikasahau, nami nayatamani macho yale mpaka kifua kinauma. Nikitoka kazini nasimama pale na begi langu la vifaa, na juzi mwenye studio alipotoka kuniuliza nataka nini nikaona haya, nikasema nataka picha za pasipoti, akanipiga, na safari yenyewe sina. Nikamuuliza kijuujuu, "Huyu mama ulimwambia nini hata akatazama hivi?" Akajibu, "Sikumwambia kitu, bosi. Picha kama hii haiombwi." Jibu hilo limeninyima usingizi.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba nilikuwepo. Nilisimama nyuma ya mpiga picha huyohuyo, mkoba wa mke wangu begani, nimeinama nahangaika na kiatu chake kilichokatika kamba ili asirudi nyumbani peku. Yaani mtu ananichukulia mke mbele ya pua yangu, nami nashona kiatu!

Nyumbani nimekuwa bubu, akiniuliza nasema nimechoka. Wiki ijayo wanaanza mazoezi ya tamasha jingine, nami nimeazimia kumwambia achague, ngoma au mimi. Je, nakosea?

Mbeba Mikoba

JIBU

Mbeba Mikoba, pole. Kumtamani mtu unayelala naye chumba kimoja ni njaa mbaya, na sikucheki.

Lakini wewe ni fundi. Jokofu likiletwa haligandishi, unalitupa kabla ya kulifungua? Wivu umekufumba macho hata barua yako mwenyewe hukuisoma. Irudie. Unasema ulikuwa wapi? Nyuma ya mpiga picha. Ukifanya nini? Unamtengenezea kiatu asirudi peku. Sasa mwanamke amemaliza kucheza, miguu inamuuma, anainua macho anamwona mumewe mbele za watu, mkoba wa kike begani, kakiinamia kiatu chake. Unadhani alikuwa anamtazama nani? Kamera ilikuwa njiani tu, baba.

Siwezi kuapa, sikuwepo. Anayejua yuko kwenye cherehani yake, na kuuliza si ujinga. Ila usimhoji kama askari. Kaa karibu naye, mwambie yale uliyoniambia mimi, kwamba unayatamani macho yake. Maneno hayo ni ya kwake, mimi umeniletea kwa makosa.

Hilo la kuchagua ngoma au wewe, lifute kabisa. Utakuwa unamnyang'anya mahali pekee ulipopata ushahidi kwamba unapendwa.

Kesho ukitoka kazini mpitie, muende studio pamoja. Kama mwenye studio hakumwomba ruhusa ya kumbandika dirishani, mke wako ndiye wa kusema ibaki au itoke, maana sura ni yake, wala si yako wewe kumsemea. Ibaki, isibaki, chukueni nakala mkaitundike nyumbani. Na zile picha zako za pasipoti mpe aweke kwenye mkoba wake, ule unaojua sana kuubeba.

Tamasha likija, simama palepale. Ila viatu vishone nyumbani mapema. Huenda miaka yote hii unatazamwa hivyo, nawe umeinamia kitu. Safari hii inua kichwa.