Mkasi Uko kwa Fundi Viatu

2 Februari

Kwako Dada,

Hujambo? Mimi sijambo, ila miguu tu, maana mwalimu wa chekechea hapati kukaa.

Naolewa tarehe kumi na nane Aprili, na gauni nataka ushone wewe. Shangazi ananishauri nitafute fundi mwingine, eti, "Dada yako akipanda tena je?" Nimemjibu kuwa umenishonea tangu sare ya darasa la kwanza, sianzi kuhamahama leo. Kitambaa ni hiki. Kilikuwa kipande cha mwisho dukani.

Mdogo wako,
Kitinda

14 Februari

Kitinda wangu,

Natumai miguu imepoa. Mimi mzima, dawa nameza, na zimeninenepesha hadi mteja kaniuliza mimba ni ya nani. Nikamwambia ya vidonge.

Shangazi ana haki ya kuogopa. Mwaka ule niliona kila kitambaa kinataka kuwa pazia moja kubwa, nikakata nguo za wateja tisa. Daktari akanitajia jina, baipola, ugonjwa wa akili kupanda na kushuka, akasema itarudi. Basi nami nikajiwekea utaratibu. Ukutani, kando ya cherehani, naandika kwa chaki masaa niliyolala. Yakiwa chini ya manne siku mbili mfululizo, mkasi naupeleka kwa jirani, fundi viatu. Haurudishi mpaka nilale masaa saba siku tano. Niliwahi kumlilia, akawasha redio.

Dada yako

20 Machi

Dada,

U hali gani? Barua zangu mbili hujajibu, na Shangazi keshaanza "nilikwambia". Siulizi gauni. Nakuuliza wewe. Unalala?

Kitinda

9 Aprili

Kitinda wangu,

Pole kwa kunisubiri. Sasa nina nafuu.

Mwanzoni mwa Machi ukuta ulionyesha masaa matatu, kisha mawili, nami najisikia vizuri kupita kiasi. Gauni lilibaki pindo tu. Kichwa kikaniambia niukate mgongo wake wote kwa umbo la jua. Nililiona jua hilo, mdogo wangu, na lilikuwa zuri. Nikaubeba mkasi hadi kwa fundi viatu, kisha nikaenda kwa daktari, akabadilisha dawa. Baadaye nikashuka, wiki mbili nimejilaza bila usingizi, nimeupa mlango mgongo.

Leo ni siku ya tatu ya masaa saba. Mkasi bado siku mbili, na gari la mizigo linaondoka leo. Nakutumia gauni pindo likiwa limeshikizwa kwa uzi mwekundu, halijakatwa. Mpe fundi mwingine amalizie. Daktari hajaniruhusu kusafiri. Naona aibu.

Dada yako

22 Aprili

Dada yangu,

Salamu kutoka kwetu sote wawili. Umeamkaje?

Sikumpa mtu gauni. Nimeolewa nikiwa na uzi wako mwekundu pindoni. Shangazi aliuona kabla hatujatoka, akauliza kulikoni, nikamsimulia habari ya mkasi. Akapiga magoti akaunyoosha uzi ulipojikunja. Akasema, "Mimi nisingeweza kuupeleka mkasi huo."

Miaka yote hii nilikuwa nakuhurumia, nisamehe. Sijui mtu mwingine anayejiona anapanda, anapenda anachokiona, na bado anatembea mpaka kwa jirani. Najivunia kuwa mdogo wako.

Pindo linakungoja. Daktari akikuruhusu, uchukue mkasi wako uje. Kitanda chako nimekiweka karibu na ukuta mtupu, na chaki nimeleta kutoka shuleni.

Kitinda wako